Msimnyang'anye Mtoto Brashi, Mpeni Kigezo

 Ndugu wasomaji, leo tungependa kuzungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni mchezo wa watoto tu, hali ya kuwa ndani yake mna malezi, mna hukumu za dini, na mna afya ya mwili.

Miongoni mwa barua tulizozipokea kuhusu malezi ya wakati wa likizo, ipo moja ya mama ambaye hatutamtaja. Anaeleza kwamba binti yake wa miaka tisa aliletewa na shangazi yake kisanduku cha rangi pamoja na vibao vyembamba vya plastiki vilivyotobolewa maumbo ya maua na nyota. Mtoto akashinda barazani siku mbili akipaka. Siku ya tatu baba aliporudi kazini na kukuta karatasi zimetandazwa sebuleni zikauke, alizikusanya zote akazitupa, akasema kuwa picha ni haramu na kwamba malaika hawaingii katika nyumba yenye picha. Kisha mama anaongeza neno lililotushitua zaidi kuliko yote: hivi sasa mtoto huenda kupaka rangi kwa jirani, na akirejea nyumbani humwambia baba yake kuwa alikuwa akidurusu masomo.

Ndugu msomaji, tafakari. Baba alikusudia kuilinda nyumba yake na jambo analoliogopa, na nia hiyo ni njema. Lakini nyumba hiyo sasa imeingia uongo, na uongo hauna hitilafu ya wanazuoni. Kwa hiyo tunalazimika kuuliza: je, karatasi zile zilistahili kutupwa? Na kama hazikustahili, mzazi afanye nini?

Hukumu iko wapi?

Tuanze na alipoanzia baba. Hadithi aliyoitaja kuhusu malaika ni sahihi, imepokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim, na si halali kwa Muislamu kuidharau. Lakini neno picha katika hadithi hizi lina mipaka yake, na mipaka hiyo haikuwekwa na watu wa zama zetu. Imekuja katika vitabu hivyo hivyo viwili kwamba mtu mmoja aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas (r.a.) kutaka fatwa. Sahaba huyo mtukufu alimtahadharisha vikali juu ya kuchora viumbe vyenye roho, kisha akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi kufanya kazi hiyo, basi achore miti na visivyo na roho.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na mwaka 1277, naye ni katika maimamu wakubwa wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu katika mwambao huu, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba kuchora wanyama na wanadamu kumekatazwa, ama kuchora miti na vitu visivyo na roho si haramu. Na huyu Nawawi si mtu wa kulegeza mambo. Ni katika walioshikilia msimamo mkali katika mlango huu. Ikiwa yeye amelifungua dirisha la miti na maua, sisi ni nani wa kulifunga?

Ama kuhusu viumbe vyenye roho vinavyochorwa juu ya karatasi visivyo na kivuli, wanazuoni wamehitilafiana. Wapo waliokataza, na wapo, hasa miongoni mwa Wamaliki, walioona kuwa ni makuruhu. Tena wengi wao wamevitenga vitu vya kuchezea watoto kwa hukumu ya peke yake, kwa sababu imethibiti kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), na Mtume hakumkataza. Hatukusudii leo kuimaliza hitilafu hiyo. Tunalotaka kusema ni kwamba maua na nyota za yule binti hazikuwa ndani ya hitilafu hiyo hata kidogo. Zilikuwa upande wa uwanja ulio mpana, upande wa mubaha.

Jambo hili la stensili ni lipi?

Wasomaji wa umri wetu wanaikumbuka stensili ya shuleni. Ilikuwa karatasi ya nta, mwalimu akiichapa kwa taipureta bila utepe wa wino, herufi zikaifungua nta, kisha ikavishwa katika mashine ya kurudufia, wino ukapenya penye herufi na karatasi za mtihani zikatoka kwa mamia. Stensili ya mtoto ni ndugu yake. Ni kigezo chembamba cha karatasi ngumu au plastiki kilichokatwa nafasi. Mtoto hukilaza juu ya karatasi, hupitisha rangi katika nafasi hizo, kisha hukiinua. Palipokuwa wazi rangi imekaa, palipozibwa pamebaki peupe.

Ufundi huu ni wa kale mno. Katika mapango ya kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia kuna alama za viganja vya watu walioweka mikono ukutani na kupulizia rangi kuizunguka, na utafiti uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mojawapo ina umri usiopungua miaka 39,000. Huko Abeokuta, Nigeria, mafundi wa Kiyoruba walikata vigezo vya bati, wakapitisha uji mzito wa muhogo katika nafasi zake juu ya kitambaa, kisha wakakichovya kitambaa katika nili. Palipopakwa uji hapakushika rangi, na ndipo yakatokea mapambo ya nguo iitwayo adire.

Mafundi wa Kiislamu nao hawakuwa nyuma. Watengenezaji wa vigae wa Iznik, katika dola ya Uthmaniyya, walitoboa michoro yao kwa sindano juu ya karatasi, wakaiweka juu ya kigae na kupitisha unga wa makaa katika vitundu hivyo. Alama za makaa zilipobaki, msanii alizifuata kwa brashi. Kwa hiyo yule anayedhani kuwa kutumia kigezo ni kazi ya mvivu asiyejua kuchora, ajue kwamba misikiti ya Istanbul ambayo watu husafiri kwenda kuitazama ilipambwa kwa vigae vya mabwana waliotumia vigezo.

Na hapa kwetu? Nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, uitazame kibla ya msikiti wa kale yenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa pamoja na mapambo ya majani, ukisoma humo mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107. Nenda Lamu uone zidaka za chokaa katika nyumba za wazee wa karne ya 18. Simama mbele ya mlango wa Mji Mkongwe uone mayungiyungi na minyororo iliyochongwa katika miimo. Watu hawa walikuwa Waislamu kama sisi, wakiisoma Qur'ani kama sisi, na hawakudhani kuwa ucha Mungu unamtaka mtu aishi baina ya kuta tupu. Waliyaacha maumbo yenye roho, wakaingia katika majani, maua, duara na nyota, wakapata humo bahari isiyo na mwisho. Mtoto anayepaka nyota kwa kigezo anajifunza herufi za kwanza za lugha hiyo ya mababu zake.

Kutengeneza nyota ya pembe nane

Vigezo vilivyo tayari huuzwa katika maduka ya vifaa vya shule. Lakini tunapendekeza mzazi na mtoto watengeneze chao, kwani mtoto anayejua kigezo kimetoka wapi hukithamini. Tuchukue mfano wa nyota ya pembe nane, inayoonekana katika majengo ya Kiislamu kuanzia Andalusia hadi Uajemi.

Vinavyohitajika ni karatasi ya manila au jalada la plastiki la faili lililochakaa, kalamu ya risasi, rula, bikari na kisu cha kukatia karatasi. Chora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 5. Piga mstari mmoja kupita katikati, kisha wa pili unaoukata wa kwanza kwa pembe mraba, kisha miwili mingine inayozigawa pembe hizo nusu kwa nusu. Duara sasa lina alama nane ukingoni. Zipe namba kuanzia 1 hadi 8 kwa mzunguko. Unganisha 1, 3, 5 na 7, utapata mraba mmoja wenye upande wa takriban sentimita 7. Unganisha 2, 4, 6 na 8, utapata mraba wa pili uliokaa mshazari juu ya wa kwanza. Miraba miwili iliyolingana, yenye kitovu kimoja, imezaa nyota. Futa mistari ya ndani, ubaki na ukingo wa nje.

Kukata ni kazi ya mtu mzima, au ya kijana aliyepindukia miaka kumi na moja hivi akisimamiwa. Weka kibao au katoni nene chini, kata kuanzia pembe kuelekea ndani, wala usiharakishe.

Hapa kuna somo ambalo mtoto hulijua kwa kukosea. Akitaka kukata pete, yaani duara ndani ya duara, atashangaa kuona sehemu ya katikati inadondoka kwa kuwa haishikwi na kitu. Hana budi kuacha vipande vyembamba viwili au vitatu vya kuiunganisha na sehemu ya nje. Mafundi huviita madaraja. Usimwambie mapema. Mwache aone inadondoka, kisha muulize angefanyaje. Maswali ya namna hii hufundisha kufikiri kuliko mihadhara mirefu.

Na kwa mdogo asiyeweza kungojea kigezo kikatwe, vipo vigezo ambavyo Mwenyezi Mungu amekwisha kuvikata. Chukua jani la mpapai, la mwembe au la kangaga. Lilaze juu ya karatasi, mtoto agongegonge sponji yenye rangi kuzunguka ukingo wake wote, kisha aliinue. Jani litabaki jeupe katikati ya rangi, na kila mkunjo wa ukingo wake utaonekana. Mtoto aliyepita chini ya mpapai mara elfu ataangalia jani lake kwa mara ya kwanza. Na kutafakari viumbe vya Mola ni ibada tuliyoamrishwa.

Namna ya kupaka

Tatizo kubwa la wanaoanza ni rangi kuvuja chini ya kigezo na kuharibu kingo. Sababu yake karibu kila mara ni moja: rangi imezidi. Kigezo kibanwe kwa selotepu pembe zote nne. Mtoto achovye ncha ya sponji katika rangi kidogo, kisha aifute kwanza juu ya kipande cha kanga kuukuu mpaka idhaniwe kuwa haina rangi tena. Hapo ndipo iko tayari. Aigongegonge juu na chini, wala asiiburure kama anayepiga deki, kwani kuburura huisukuma rangi chini ya ukingo. Aanze ukingoni akielekea katikati. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Baina yake aingoje ya kwanza ikauke, na katika joto letu ni dakika chache tu. Mwisho kigezo kiinuliwe moja kwa moja juu bila kutelezeshwa.

Ndugu mzazi, angalia mafunzo yaliyomo. Mtoto anafundishwa kuwa kichache kilichotulizana hushinda kingi kilichomwagwa, na anafundishwa kungoja. Tena anafundishwa bila fimbo, kwa sababu rangi yenyewe humwonyesha matokeo ya haraka yake.

Aidha, yupo mtoto ambaye amekwisha kujihukumu kuwa hajui kuchora. Ukimpa karatasi tupu anaigeuza. Huyu kigezo humfaa kuliko wote, kwani humhakikishia umbo lenye kingo safi, na kumwachia achague rangi, apange maumbo, na aamue mahali pa kuyarudia. Siku moja atakuomba kalamu na rula achore kigezo chake mwenyewe. Hapo ujue ameanza safari.

Rangi gani, na rangi gani siyo

Rangi za akriliki ni za karne iliyopita. Ni unga wa rangi uliochanganywa katika maji yenye chembe ndogo mno za plastiki. Rangi za akriliki za kuchanganywa na maji zilianza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1955, zilipotengenezwa na Henry Levison kwa jina la Liquitex. Siri yake ni hii: maji yanapokauka, zile chembe hushikana zikawa utando mmoja ambao hauyeyuki tena kwa maji. Faida yake ni kwamba rangi ikiwa mbichi huoshwa kwa maji na sabuni, haina harufu kali, na kazi ya mtoto hudumu. Hasara yake ni kwamba brashi ikisahauliwa imekauka, na nguo ikiachwa na doa mpaka jioni doa limekwisha kuwa sehemu ya nguo. Mvisheni mtoto shati kuukuu na tandikeni magazeti.

Sasa sikilizeni tahadhari hii kwa makini. Baadhi ya wazazi, kwa nia ya kubana matumizi, huwapa watoto mabaki ya rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango au mageti. Msifanye hivyo. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa kuwa ndizo alizozipata. Lakini yeye alikuwa mtu mzima. Rangi za mafuta za namna hiyo, hasa za zamani na zisizo na maelezo, huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na madhara yake hayarudi nyuma. Ndiyo maana kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa sheria za nchi ni kwamba rangi isizidishe sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja. Petroli na tina za kuzimulia rangi hizo nazo ni hatari kwa pumzi na kwa moto.

Nunueni rangi iliyoandikwa kuwa ni ya watoto na isiyo na sumu. Nyingi za Marekani huwa na alama ya herufi AP ndani ya duara, na zilizokusudiwa kuchezewa na watoto katika soko la Ulaya huwa na herufi CE. Rangi za wachoraji wakubwa waachieni wakubwa, kwani baadhi yake nyekundu na njano zina kadimiamu. Na mtoto aliye chini ya miaka mitatu, ambaye kila kitu hukitia mdomoni, mpikieni uji wa unga wa ngano na kuutia rangi ya chakula. Kumlinda mtoto na madhara ni katika amana tuliyokabidhiwa, na asiyeichunga amana hiyo atasimamishwa kuulizwa.

Udhu na vidole vyenye rangi

Tumesema rangi hii ikikauka huwa utando usiopitisha maji. Msomaji makini amekwisha kufahamu tunakoelekea. Katika masharti ya udhu kwa madhehebu ya Shafi ni kwamba kusiwe na kitu chenye kuzuia maji yasifike katika ngozi au kucha. Rangi ya akriliki iliyokauka juu ya kidole ni kizuizi. Haifanani na hina, kwani hina huacha rangi yake tu bila tabaka, wakati akriliki huacha tabaka.

Mtoto wa miaka tisa hajabaleghe, lakini tumeamrishwa kuwafundisha watoto wetu swala tangu wanapotimiza miaka saba, na kumfundisha swala ni pamoja na kumfundisha udhu uliotimia. Basi iwe ni desturi ya nyumba: kabla ya adhana rangi zifunikwe, mikono ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ikiwa bado mbichi, na kucha zikaguliwe. Iliyokwisha kukauka, pakeni mafuta ya nazi, ngojeni kidogo, kisha msugue kwa kitambaa, aghalabu hubanduka. Mama au dada mkubwa anayemsaidia mtoto naye asijisahau, kwani kwake yeye udhu ni faradhi.

Ama doa la rangi katika nguo halizuii swala. Rangi hii si najisi, na nguo yenye doa lake huswaliwa bila wasiwasi.

Mambo mengine mawili ya adabu. La kwanza, msimpe mtoto kigezo chenye jina la Mwenyezi Mungu au aya ili ajifunzie, kwa sababu karatasi za majaribio huishia sakafuni na katika taka. Ajifunzie majani na nyota. Maandishi matukufu yangoje mpaka mkono utulie na adabu ikomae. La pili, kazi ya mtoto itundikwe, lakini isitundikwe mbele ya mahali pa kuswalia. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliirudisha kwa Abu Jahm nguo yenye mapambo kwa kuwa ilimshughulisha katika swala. Alichokiondoa ni kishughulishi. Hakusema kuwa mapambo yenyewe ni haramu. Tofauti hii ndiyo elimu.

Neno kwa wazazi wote wawili

Kwa akina baba tunasema: ghera yenu juu ya dini ni neema, lakini ghera bila ya kuuliza huvunja ilichotaka kujenga. Kabla hujatupa, kaa chini uangalie kilichochorwa. Ikiwa mna umbo usiloliridhia, usilipasue mbele ya mtoto. Mpe lililo bora badala yake. Mtoto hawezi kuishi katika makatazo matupu, kama vile mtu mzima asivyoweza. Mwenyezi Mungu alipoharamisha machache alihalalisha mengi, na mzazi mwenye hekima hufuata mwendo huo. Jumamosi moja, chukua bikari, keti na binti yako, umchoree miraba miwili ile. Hatakuwa na haja tena ya kwenda kwa jirani wala ya kukudanganya.

Kwa akina mama tunasema: msiwafiche waume zenu jambo hili, wala msimfundishe mtoto kufanya kwa siri aliyokatazwa hadharani. Zungumzeni na baba kwa upole, mbali na mtoto, na mkihitilafiana muulizeni mwanachuoni mnayemwamini nyote wawili. Wala msimfanyie mtoto kazi yake. Tumeona kadi nzuri mno ambazo ukizitazama wajua dhahiri kuwa ni mkono wa mama, na mtoto amesimama kando amekunja mikono. Nyota iliyopinda ya mtoto ni bora kwake kuliko iliyonyooka ya mama yake.

Na kazi hiyo ipewe mahali pa kutumika, ili mtoto aone kuwa sanaa yake ina faida. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba inahitaji mifuko ya kitambaa. Mtoto aupambe mmoja kwa majani ya mpapai, rangi iwe nyepesi ili kitambaa kisikakamae, na uachwe siku nzima kabla ya kufuliwa. Apambe jalada la daftari lake la madrasa. Apake kadi za Idi kwa ajili ya bibi na babu, na moja ya ziada kwa ajili ya mgonjwa wa mtaani. Mwishoni mwa kazi afute brashi kwa tambara kwanza, kisha aioshe katika kopo dogo la maji, asiache bomba likitiririka, kwani israfu imekatazwa hata katika kheri, na maji machafu ya rangi yasimwagwe karibu na kisima.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutengenezee watoto wetu, aitulize mikono yao na nyoyo zao katika yale anayoyaridhia, na atujaalie sisi wazazi hekima ya kuwafungulia milango ya halali kabla hatujawafungia ile ya haramu. Amin.